Bakuli la Maua Mekundu

Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, Mwanafatuma wa Gazi alipakua wali na mboga ya mchunga wa nazi katika bakuli la bati lenye maua mekundu, akalifunika kwa kawa. Bakuli likainuka mkekani, likatoka mlangoni na kushika barabara ya Ukunda, kwa bintiye Twaiba. Mwaka wa pili huu lilikuwa likienda hivyo. Magharibi hurudi tupu, limesuguliwa. Na nani asiyejua kuwa chombo cha mtu hakirudishwi bila kitu ndani, angalau ndimu mbili?

Mwenye makosa alikuwa mama, tusifichane. Twaiba alipoolewa na Jefwa, mama hakwenda harusini. Alidai kijana amesilimu kwa ajili ya mke tu. Bintiye akamletea pilau ya harusi katika bakuli hilohilo. Mwanafatuma akalirudisha lilivyo, hata kulifunua hakulifunua. Miaka sita sasa hawajasemeshana.

"Nimelipita Kona ya Musa, linangoja malori yapite," alisema jirani yake Hanifa, akirudi sokoni. "Lakini dada, kuku wa Twaiba wamenona! Mchunga wako ndio wanaokula."

"Na wale. Mimi sichoki."

"Si uende mwenyewe?"

"Miguu ninayo, Hanifa. Uso ndio sina."

Jioni ile bakuli lilirudi zito. Ndani mlikuwa na pilau ya harusi, ileile ya miaka sita, ingali moto. Mwanafatuma alinawa, akaketi, akala mpaka ukoko. Ilikuwa tamu, na utamu wake ndio uliomliza.

Ijumaa iliyofuata alivaa buibui, akapanda bodaboda, wakalifuata bakuli mpaka Ukunda.

"Hodi! Twaiba mwanangu, ni mimi. Nilikukosea. Nisamehe."

Mlango ulifunguka kiasi cha bakuli kupita, ukafungwa.

"Shikamoo, mama," sauti ilitoka ndani.

"Marahaba, mwanangu."

Basi. Nyuma ya nyumba kuku walisikika wakikimbilia chakula. Bakuli likatoka, tupu, limesuguliwa likang'aa. Mwanafatuma alilifuta maji kwa ncha ya leso, akalitia kwapani.

"Nitakuja Ijumaa," aliuambia mlango.

Ijumaa alikuja. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini kuku walikwisha kumjua, wakaja kumlaki njiani.