Kovu la Séraphine

Mdogo wangu Séraphine ndiye sauti ya juu ya kwaya yetu sisi Wakongomani hapa Nateete, Kampala. Asiyelijua hilo hajawahi kupita karibu na kanisa letu Jumapili. Kwa hiyo Daktari Ogwal aliposema atampasua shingo, nilisimama.

"Shingo ya nani?"

Séraphine mwenyewe alikuwa hoi. Mifupa ilimuuma, mawe ya figo hayakwisha, na majirani walishamwita mvivu. Daktari alituambia shingoni mna vitezi vinne vya kupima kalisi, madini ya mifupa, katika damu. Kimoja kimevimba, kinainyang'anya mifupa yake kalisi hiyo.

"Picha imeonyesha iko wapi," alisema. "Nakata kidogo tu, natoa hiyo moja. Kabla ya kufunga napima homoni yake kwa damu; ikishuka, najua ni yenyewe."

"Na sauti?"

"Mshipa ya sauti inapita karibu. Hatari iko, lakini ndogo. Siwezi kukudanganya."

Nje Séraphine alinishika mkono, akaniita Yaya, kama kwetu aitwavyo ndugu mkubwa. "Yaya, haiko kisu naogopa. Naogopa kuamuka bila sauti."

"Basi tuache?"

"Na mifupa itaacha?"

Tukarudi ndani, tukapanga siku.

Kwetu mtu akipasuliwa, ndugu huhamia hospitali. Nilibeba godoro, mabeseni, jiko la mkaa na unga wa kulisha kijiji. Askari wa getini alicheka. Nikamwambia asubiri mama yake alazwe. Lo! Hata moto sijawasha, Séraphine akarudishwa wodini na plasta fupi kuliko kidole changu. Nikawaka.

"Mumemufungua, mukamufunga, kazi mukaacha!"

Daktari hakukasirika. Alisema damu imepimwa, na homoni ya kile kitezi imeshuka vizuri, maana yake kimetoka. Kisha akamwinamia Séraphine: "Mama, sema kitu."

"Yaya," alisema. Sauti ilikwaruza kama sufuria ikisuguliwa mchanga. Nikamgeukia daktari.

"Ni ile bomba ya usingizi tulipitisha kooni," daktari akasema. "Itapona."

Kesho yake tulirudi nyumbani, mimi na godoro langu ambalo halikulaliwa, Nateete nzima ikitazama. Maumivu ya mifupa yalianza kupungua, akawa anapika akiwa amesimama. Lakini kuimba hakujaribu, nami sikuthubutu kumwomba.

Ikafika Jumapili ya ushuhuda wake. Kwetu anayeshuhudia operesheni huonyesha kidonda. Mama Esperance, mkubwa wa akina mama, alivaa miwani, akainama, akageuza shingo ya mdogo wangu huku na huku.

"Operesheni gani hii? Kovu liko wapi?"

Watu wakacheka. Séraphine akafunga macho, akavuta pumzi, akaanza wimbo palepale juu, pale ambapo wengine hufika kwa kupanda ngazi. Sauti ikatoka safi. Kwaya ikasahau kuitikia.

Nililia kwa fahari, wala sikujificha. Kazi hiyo haikufanyika India, wanakokimbilia wenye pesa. Ilifanyika hapahapa Kampala.

"Ule ni mudogo wangu," nilimwambia Mama Esperance, kana kwamba hakujua. Alikuwa akifuta miwani yake, kwa hiyo nikamwambia tena.