Chini ya Bati Lile Lile

Verne Hocking alisimama chini ya saa za stesheni ya Flinders Street, mkono ameunyoosha nje ya upenu, kiganja amekikunja kama kata. Mvua ya Melbourne ilikuwa ikimwagika tangu alfajiri, na watu wa mjini waliikimbia vichwa chini, kama waliotukanwa. Yeye aliipima.

"Milimita kumi na mbili," alisema.

"Kwa kiganja?" akauliza Maureen, mkewe wa ndoa ya miaka arobaini. "Basi tukirudi tukitupe kile kipimo cha mvua cha uani, tukusimike wewe."

Nyumbani kulikuwa mwendo wa saa tano kwa gari, kwenye nyika ya Mallee, ambako shayiri yao ilikuwa imelala udongoni wiki ya tano bila kuonja tone. Kule watu hupanda udongo ungali mkavu, kama mtu atandikaye kitanda cha mgeni asiyeahidi kuja. Jirani yao, Colin, ndiye aliyeahidi: tone la kwanza likianguka, angepiga simu. Ndiyo maana Verne aliipapasa simu mfukoni kila dakika, kama mwenye jino bovu asiyeweza kuutuliza ulimi.

"Mzee wangu, hiyo utaizima leo."

"Najua."

"Na mwaka juzi ulijua."

Mwaka juzi binti yao Kerryn alipata nafasi yake ya kwanza kubwa jukwaani. Wakati wa mapumziko Colin alipiga, Verne akatoka kuzungumzia mawingu, na mazungumzo ya mawingu hayana mwisho. Sehemu ya pili yote Kerryn aliicheza mbele ya kiti kitupu. Hakulalamika. Ila tangu siku hiyo, kila alipopiga simu nyumbani na babake akapokea, aliuliza tu, "Mama yupo?" Lawama Verne angeivumilia, adabu ile ilimkata maini. Safari hii binti alituma tiketi mbili za mchezo wake mpya na kijikaratasi: *Baba, ukiona huwezi, usije.*

Walikuwa na asubuhi nzima ya kuutembelea mji. Walipanda tramu, wakazunguka vichochoro vyenye paa la kioo, wakala maandazi ya jamu sokoni mpaka sukari ikamganda Verne kwenye masharubu. Daraja la mto Yarra liliwapita bila yeye kuliona. Alikuwa akitazama mfereji wa barabarani ukimeza maji.

"Yote haya yanapotea," alinung'unika.

"Huwezi kuyabeba kwa koti, baba Kerryn. Twende, tutachelewa."

Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa ghala la sufu: kuta za matofali, paa la mabati. Walikaa safu ya tatu. Verne aliitoa simu, akaitazama, kisha badala ya kuizima akainyamazisha tu. Maureen aliona. Mwanamke aliyeolewa na mkulima hujifunza kuona na kumeza.

Mchezo ulihusu ndugu wawili wakigawana vyombo vya marehemu mama yao. Kerryn alikuwa dada mkubwa. Katikati ya maneno yake, sahani mkononi, mvua ikaangukia bati kwa kishindo. Sauti yake ikazama. Mwenzake akaanza kupaza yake. Kerryn akaiweka sahani mezani taratibu, akainua uso, akanyamaza.

Verne aliacha kupumua.

Kwa akina Hocking, mvua ikigonga bati hakuna anayesema. Kijiko hubaki hewani. Mvua ni mgeni mwenye haya; ukiitaja, inageuka. Hakuna aliyewahi kukiri kwamba aliamini hayo, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuyajaribu. Kerryn wa miaka sita alikuwa akikaa hivyo hivyo, viganja juu ya meza, mdomo wazi kidogo. Uso ule ule ulikuwa jukwaani sasa, na watu mia mbili wasiojua chochote juu ya shayiri walikuwa wamenyamaza pamoja naye.

Simu ikatetemeka pajani. Alikuwa Colin, nani mwingine? Mkono wa Verne ukazama mfukoni, ukakitafuta kitufe, ukakibonyeza mpaka mtetemo ukafa. Macho yake hayakutoka jukwaani.

Baadaye Kerryn aliwakuta kibarazani, rangi za uso hazijamtoka vizuri.

"Colin hajapiga?" aliuliza kwa uangalifu, kama anayejaribu barafu kwa mguu.

"Kapiga."

"Kasemaje?"

"Sijui. Nilikuwa nimeshikika." Verne alikohoa. "Pale uliponyamaza. Imeandikwa?"

"Haijaandikwa. Mwongozaji ataninyonga."

"Mwambie aanze na mimi."

"Haya," alisema Maureen, "sasa mpigie huyo Colin wako, maana najua unakufa kwa—"

Mvua ikazidi. Bati la kibaraza likaanza kuvuma juu ya vichwa vyao, na Kerryn akamwekea mamake kidole midomoni. Wote watatu wakainua nyuso. Mpita njia mwenye mwavuli alisita, akatazama juu naye, hakuona kitu, akaenda zake.