Puli ya Asajile

Miezi ilipita tangu tumzike kaka yangu Asajile, na mama alikuwa bado anampakulia chakula.

Kilichomdanganya ni gari. Asajile alikuwa na pikapu ya kubebea mpunga kutoka Busale, na mkanda wa injini yake ulikuwa ukilia kila alipokanyaga mafuta kuvuka daraja la miti, karibu na kwetu Talatala. Mama akiusikia, alibandika maji ya kuoga. Homa ilipomchukua Asajile, mdogo wetu Lameck alishika usukani, na mlio ukaendelea kurudi kila jioni. Mama akabandika maji, akafunika sahani ya wali na samaki mbasa, akakaa mlangoni. Hakula kabla ya mwanawe.

Lameck aliposhuka, mama alitazama nyuma ya bega lake.

"Mwenzio yuko wapi?"

Lameck huoga mtoni. Maji yalipoa palepale jikoni. Mama alikonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni.

Nikamwambia Lameck mlio ule ukomeshwe.

"Utakuwa umemuua mara ya pili," akasema.

"Anayekufa sasa ni mama."

Asubuhi tulilipeleka gari kwa Hebroni, fundi wa mjini Kyela aliyekuwa rafiki wa Asajile.

"Mugonile, dada," alinisalimu. "Gari hili nalijua. Lilikuwa linafika kabla ya dereva." Kisha akainama haraka kwenye boneti.

"Mkanda nimeukaza," Lameck akamwambia. "Nikapaka sabuni. Nikanunua mpya."

"Ungeupaka na mafuta ya nywele, ulie huku umependeza. Mkanda hauna kosa. Dada, lete kidole."

Alikiweka kidole changu kwenye mfereji wa puli ya alteneta. Kuta zilikuwa zimelika, na chini palikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

"Injini inavuta mkanda, mkanda unazungusha puli hii, ndipo alteneta inachaji betri. Mkanda unatakiwa kubanwa na kuta hizi. Zimelika, kwa hiyo unakaa chini na kuteleza. Huko kuteleza ndiko kulia. Ilipoanza kulika, vipuri vilikuwa havipatikani; Asajile angefanyaje? Siku hizi vinauzwa mpaka kando ya barabara."

Alilegeza alteneta, akatoa mkanda. Halafu akaizungushia puli mkanda mkuukuu na kuubana kwa koleo, ili puli isizunguke pamoja na nati. Nati ikagoma. Akaigonga spana taratibu.

"Achia, ndugu yangu," akasema kwa sauti ya chini.

Sikumuuliza alikuwa anasema na nani. Nati ikaachia.

Akafunga puli mpya, akaubonyeza mkanda kwa dole gumba, akaridhika. Gari likawaka bila mlio. Lameck, aliyekuwa kwenye usukani, aligeuka kutazama kiti cha abiria. Hakukuwa na mtu.

Hebroni aliifunga puli ya zamani kwenye gazeti. "Mpelekee mama."

Jioni tulivuka daraja na hakuna aliyejua kwamba tumefika. Mama alikuwa anachambua mchele uani. Nikampa ile puli. Akapitisha kidole kwenye mfereji, palepale kilipopita changu.

"Ndiyo iliyokuwa inalia?"

"Ndiyo, mama."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote."

Akaipeleka kaburini, kwenye migomba, akaiweka upande wa kichwa. Alikaa huko mpaka wali niliopika ukaiva. Aliporudi akanawa.

"Pakua, Anyisile. Tule."

Alikula polepole, kisha akaniomba nimwongeze mchuzi. Lameck aliacha kutafuna, akamtazama.

Nikaenda jikoni. Juu ya mafiga, kando ya chungu cha mchuzi, sufuria ya maji ya kuoga ilikuwa inachemka. Mama hakuwa ameingia humo tangu turudi. Nikatazama kanga yangu, nikaona majivu. Ni mimi niliyeyabandika maji yale, na sikumbuki kuyateka.

Niliyaacha yachemke.