Amina ya Chef Gauthier

Mimi chef Gauthier, mukubwa wetu wa kazi, simuchukii. Hilo najiambia kila asubuhi nikitoka mutaa wetu wa Mapendo, na nikifika kwenye mulango wa biro, pale karibu na Katindo, nimeshabadilisha mawazo. Mutu gani anakuandikia siku ya Mungu, saa ya misa, kwenye kundi la WhatsApp: "Wapendwa, rapport ya mabomba imefika wapi?" Padri anainua hostia, na mufuko wangu unatetemeka. Siku moja mama mumoja aliyepiga magoti karibu yangu alidhani ni mimi ninayetetemeka kwa Roho Mutakatifu, akanishika mukono kwa nguvu mpaka mwisho wa misa.

Shirika letu linatengeneza mabomba ya maji mu mitaa ya Goma. Ni kazi nzuri, siwezi kukana. Lakini mimi bomba lenyewe sijawahi kulishika. Mimi ninaandika rapport, taarifa ya mabomba, kisha ninaandika kifupi cha rapport, kisha ninaandika kueleza kwa nini rapport ilichelewa, na ilichelewa kwa sababu nilikuwa ninaandika kifupi. Zamani tulikuwa wengi. Tangu vita vifike, uwanja wa ndege ufungwe na benki zifunge milango, wenzetu waliondoka mumoja mumoja, na kazi zao zikabaki juu ya meza zetu. Sasa tuko mimi, Samy wa magari, Olive wa depo, na chef. Niache kazi? Niache niende wapi? Mu Goma ya leo mutu mwenye kazi anaishikilia kama mutoto anavyoshika kikwembe cha mama yake sokoni. Nyumbani kuna midomo inayoningojea, na chef anajua hilo vizuri. Naye ana wakubwa wake kule Kinshasa wanaomupigia simu mpaka jasho linamutoka, lakini haya tuyaache.

Ninakaa na baba yangu, muzee Cubaka. Miaka mingi alikuwa mupishi wa mapadri kule upande wa Bukavu, na ndiye aliyenifundisha kuvumilia wakubwa. Dawa yake ilikuwa moja: mukubwa akikugombeza, usimujibu, muvalishe.

"Mimi Padri akinifokea juu ya supu," alikuwa ananiambia, "ninamuvalisha kikwembe cha nyanya yako na kitambaa cha kichwa, ninamuketisha sokoni auze sambaza. Yeye anapiga kelele, mimi ninasema ndiyo Padri, ndiyo Padri, na moyoni ninamuuliza bei."

Basi na mimi chef Gauthier nilimuvalisha. Amenifokea mara nyingi sana akiwa mbele ya karai ya sambaza, visamaki vya ziwa, anafukuza nzi. Ilinisaidia, jamani. Bila hiyo ningekuwa nimeshamurushia computer.

Kisha habari ikatoka Bukavu. Baba mudogo Mulumeoderhwa, mudogo wa baba yangu, alikuwa amezidiwa. Maini. Hospitali walimurudisha nyumbani, wakaambia watoto wake wamupe chochote anachopenda kula, na sisi sote tunajua madaktari wakisema hivyo maana yake nini. Mu tumbo la mama yao walikuwa wamebaki wao wawili tu. Baba aliposikia hakulia. Alikunja koti lake la misa, akaliweka kwenye kiti karibu na mulango, akaniuliza, "Gisèle, boti inaondoka lini?"

Baba haoni vizuri, na muguu wake mumoja anauburuta. Peke yake hawezi kupanda boti, anaweza kuingia mu ziwa akifikiri ni ngazi. Nilihitaji siku chache tu: kumufikisha, kuketi kidogo na mugonjwa, kurudi. Nikaenda kwa chef.

"Anayeumwa ni baba yako?" akaniuliza, macho kwenye computer.

"Ni mudogo wake, Chef. Ndiye aliyenilea nikiwa shuleni."

"Amekufa?"

"Hapana, Chef. Bado."

"Sasa Gisèle, mimi nitaandika nini? Mu règlement, mu sheria za kazi, kuna ruhusa ya kilio. Ruhusa ya kwenda kutazama mugonjwa haiko. Umalize rapport kwanza."

"Nikimaliza niende?"

"Ukimaliza tutaona."

Nikamaliza. Tukaona rapport nyingine, ya wafadhili. Nikamaliza. Ikaja ya Kinshasa, ambayo ilikuwa ileile, ila walitaka zile tableaux, meza za hesabu, zisimame kwenye karatasi badala ya kulala. Kila jioni nilikuta koti kwenye kiti, na baba ameketi karibu nalo amevaa viatu. Bukavu walikuwa wanapiga simu: baba mudogo anauliza kama Cubaka amefika. Nilikuwa ninajibu kesho, kesho, mpaka niliona haya kupokea. Ile dawa ya kikwembe ikakataa. Nilijaribu kumuketisha chef na sambaza zake, nikamuona chef tu, na tai yake.

Jioni moja baba akaniuliza, "Huyo chef wenu anasali?"

"Kusali? Hatukutani mu réunion hata moja bila kufungua na sala. Tunasali kwa zamu, na yeye anafumba macho mpaka paji la uso linajikunja."

Baba akacheka. Tangu habari ya mudogo wake sikuwa nimemusikia akicheka. "Mbona hukusema? Muambie palepale. Mukubwa akiketi anakujibu na cheo chake. Akisimama mbele ya Mungu, macho yamefumba, cheo kinabaki kwenye kiti."

Akanihadithia habari ya moshi. Kule misioni jiko halikuwa na bomba la kutolea moshi, na macho yake yalikuwa yanaharibika. Aliomba, aliomba, Padri anasema tutaona. Siku moja, mu maombi ya waamini, baba akasimama mbele ya kanisa lote akasema: tuwaombee wapishi wote wenye macho yanayoumia kwa moshi. Na Padri mwenyewe, kule altareni, akaitikia pamoja na watu: Ee Bwana utusikie. Bomba la moshi lilikuja mbele ya Noeli.

Usiku wa kuamkia zamu yangu ya sala sikulala vizuri. Tulisimama kuzunguka meza, chef akafumba macho, mukono kwenye kifua. Nikaanza na shukrani, nikapita kwa wafadhili, nikapita kwa mabomba, halafu nikavuta pumzi.

"Bwana, tunakuletea muzee Mulumeoderhwa, anayekufa kule Bukavu. Tunakuletea na kaka yake, ambaye kila siku anavaa viatu na hapati wa kumufikisha. Wewe unayefungua milango, fungua na mulango wa biro hii, muzee akaone mudogo wake akiwa hai. Kwa Kristo Bwana wetu."

"Amina!" akasema chef. Alisema kwa sauti kubwa kuliko sote, na sauti yenyewe ilikuwa na machozi kidogo. Nakuapia. Olive alikuwa anapangusa pua.

Hapo ndipo tulipoharibu. Tungenyamaza! Tungeketi tuanze point ya kwanza, tumuache na moyo wake! Lakini Samy, Mungu amusaidie, mudomo wake hauna breki. Akapiga makofi, akasema, "Chef umesema Amina! Sote tumesikia! Gisèle, kesho uko mu boti!" Na mimi, kwa furaha, nikacheka, nikamuambia, "Asante, Chef, Amina hairudishwi."

Uso wa chef ukafunga. Aliketi polepole, akapanga kalamu zake.

"Mimi nimesema Amina kwa Mungu," akasema. "Sikusema kwa Gisèle. Na sala si pahali pa kuwekeana mitego. Kuanzia leo mu biro hii tunasali kimya. Kila mutu moyoni mwake, dakika moja, inatosha."

Niliporudi nyumbani nikamueleza baba, nilidhani atamukasirikia chef. Alinikasirikia mimi.

"Mulimukamata palepale? Mbele ya watu?" Alishika kichwa. "Eeh, Gisèle! Mimi Padri nilimuacha na ile Amina yake. Sikumutazama hata usoni. Nilimupelekea supu, nikaondoka. Siku nyingi alikula supu na ile Amina, mpaka ikamushinda. Ninyi mumemufanya achague kati ya mudogo wangu na heshima yake. Nani anachagua muzee wa watu?"

Nilimuambia nitaacha kazi, nitapanda boti naye, liwe litakalokuwa. Nilisema kwa hasira, lakini nilikuwa ninasema kweli. Aliniangalia na yale macho yake ya moshi, akasema twende tule.

Asubuhi iliyofuata nilimuacha mezani anakunywa chai. Akaniaga vizuri, akaniambia nifanye kazi na akili. Sikuangalia kiti cha karibu na mulango. Mutu haangalii kila siku kitu kimoja.

Chef alikuwa ameongeza réunion nyingine ya alasiri, ya kufunga siku, na yenyewe inaanza na ile dakika ya kimya. Tulisimama. Kimya. Nje pikipiki zinapita, ndani Olive anapumua kwa pua yenye mafua. Telefoni yangu ikaanza kutetemeka juu ya meza, inatembea yenyewe kuelekea kalamu za chef. Nikafungua jicho moja. Alikuwa mama Dancille, jirani yetu, anayefanya biashara ya kuvuka ziwa na vitu mpaka Bukavu. Mama Dancille hanipigii kazini. Wazo lililonijia ni moja: baba ameanguka. Nikapokea haraka, kidole kikagusa pahali sipo, na sauti ikatoka kubwa ikajaza biro.

"Gisèle! Niko Bukavu!" Alikuwa baba, anapiga kelele kama watu wa zamani wanavyofanya kwenye telefoni. "Mama Dancille amenileta! Amenikalisha katikati ya vifurushi vyake, watu walidhani na mimi ninauzwa! Nyumbani niliwakataza wasikuambie, ungeacha kazi, kichwa chako nakijua. Ngoja, ngoja, huyu mutu anakutaka."

Nikasikia kitanda kikilia, kisha sauti nyembamba ambayo ilinichukua muda kuitambua.

"Gisèle wangu. Baba yako amekuja na uongo mwingi. Anasema ulimufunga chef na Amina." Akacheka, na kule nyuma baba akacheka, wazee wawili wanacheka kama watoto walioiba sukari, mpaka kikohozi kikamukamata baba mudogo. Samy alikuwa ameuma mudomo. Chef alikuwa bado amesimama, macho yamefumba. Nilitafuta namna ya kuzima ile sauti kubwa, kidole hakikuona.

"Na wewe uko wapi?" akauliza baba mudogo. "Ninasikia miguu ya baba yako, ya kwako siisikii. Umebaki nje?"

"Hapana, baba mudogo. Niko mu réunion."

"Mu nini?"

"Mu réunion."

Nilisikia pumzi yake ikipanda na kushuka.

"Aya," akasema. "Basi maliza réunion."

Mama Dancille akachukua telefoni yake, akakata. Mulango wa biro ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, na sakoshi yangu ya mukono iko chini ya kiti. Ningeinama tu niichukue. Niliwaza midomo ya nyumbani, niliwaza watu wangapi mu Goma wangefurahi kesho kuketi pahali pangu, nikakasirika mpaka masikio yakapiga kelele, na nikaketi. Chef akafungua macho. Hakuniangalia. Akasema Amina, akasema point ya kwanza, mabomba.

Baba mudogo alikufa siku ya pili yake, asubuhi, baba amemushika mukono. Nilipofika biro kuomba niende, chef alikuwa ameshaandika karatasi ya ruhusa, imepigwa na muhuri. Aliinuka kunipa. "Pole sana, mama," akasema, na nadhani aliisema na moyo. "Kilio, tunaweza."

Nilipanda boti. Kule Bukavu nilikuta turubai, viti, wamama wanaimba, baba ameketi mbele mu koti lake la misa. Jioni watu walikuwa wanasimuliana habari za marehemu, kama inavyofanywa, kila mutu na neno la mwisho aliloachiwa. Mumoja aliambiwa apatane na dada yake. Mwingine aliambiwa asiuze shamba. Wakanigeukia: na wewe Gisèle, alikulea, alikuambia nini?

Nikawajibu ukweli. Aliniambia nimalize réunion.

Walicheka sana, wengine mpaka wakapangusa macho, wakasema huyo ndiye Mulumeoderhwa, mpaka mwisho na utani wake. Nikamutafuta baba kwa macho, yeye aliyenifundisha kucheka kila kitu. Alikuwa ameinamisha kichwa, na hakucheka.