Kuagwa Mara ya Pili

Mtu huzikwa mara moja tu, lakini mwanangu Deverell ameagwa mara mbili, na mara zote mbili niliyemshika mkono ni mimi mama yake.

Ya kwanza ilikuwa mwaka jana, chuoni Wexley. Ni desturi ya vyuo vya huku Marekani: kwenye mechi ya mwisho ya nyumbani, wachezaji wa kikapu wanaomaliza masomo wanaitwa mmoja mmoja kabla ya mpira kurushwa. Wanaingia uwanjani na wazazi wao, mama anapewa maua, mchezaji anapewa jezi yake ndani ya fremu, na watu wanalia. Deverell aliomba maua mafungu mawili. Moja langu, la pili la Bi Odessa, aliyetembea upande wake wa kulia akiwa na kofia yake ya kanisani.

Bi Odessa ni bibi yake Marlon, aliyekuwa akicheza na mwanangu. Nyumba yake iko mtaa wa nyuma ya chuo. Mimi naishi mji wa Gary, mbali na chuo, nahudumia wazee, zamu zangu ni za wikendi, na mechi nazo ni za wikendi. Kwa hiyo miaka yote ile mwanangu alikula kwa Bi Odessa. Mwanamke yule hana salamu nyingine. Uwe umeshinda, umeshindwa au umefiwa, ukipiga hodi anakutazama na kukuuliza, "Umekula?" Ukisema ndiyo anakupakulia, ukisema hapana anakupakulia zaidi.

Kwenye meza hiyohiyo ndipo Deverell alipomzuia Marlon. Chuo cha Brantwell, mahasimu wetu wakubwa, walikuwa wanamtaka, na Marlon alikuwa ameshaanza kufungasha. Mwanangu akaweka uma chini, akamwambia kwamba Brantwell ni watu wa kuvuna shamba la mwenzao, na kwamba ndugu hamwachi ndugu. Marlon akabaki. Bi Odessa alinipigia simu kunihadithia, akanisifu kwamba nimelea. Nikavimba kichwa wiki nzima.

Siku ile ya kuagwa Deverell alitangaza kwamba goti limechoka, mpira basi. Goti hilo lilimkosesha msimu wake wa kwanza wote, kwa hiyo kwa kanuni alikuwa bado ana msimu mmoja, lakini alisema hautaki. Ukumbi mzima ulisimama. Mwezi wa tano akapata shahada. Mwezi wa sita goti likapona ghafla. Mwenye shahada akibakiwa na msimu anaruhusiwa kwenda kuchezea chuo kingine, na kati ya vyuo vyote vya Marekani Deverell akachagua Brantwell.

Alinipigia simu keshasaini. Nikamuuliza kama Marlon anajua, akasema ataona mtandaoni. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na mimi sikudhani walikuwa wanamsema wangu. Namba ya Bi Odessa ninayo. Niliitazama kiangazi chote nisiipige, maana ningeanza na neno gani?

Ratiba nayo haina huruma. Mechi ya mwisho ya nyumbani ya Brantwell, Jumamosi mchana, ilikuwa dhidi ya Wexley. Niliomba ruhusa kazini, nikaendesha gari kwenye theluji, nikamkuta mwanangu kwenye ujia wa kuingilia uwanjani, amevaa jezi ya kijani ya Brantwell, na mkononi ana maua mafungu mawili.

"La pili la nani?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"La Bi Odessa. Amekuja, nimemwona kule kwa wageni."

"Deverell, usimfanyie hivyo yule mama mbele za watu."

"Nikimpigia simu hapokei, mama. Hapa atapokea tu."

Hapo ndipo aibu iliponishika hasa. Mwanangu alikuwa anategemea adabu za mwanamke yule. Alijua kwamba mbele ya ukumbi mzima Bi Odessa hawezi kumrudishia mtu maua yake.

Jina letu likaitwa. Mtangazaji akasema Deverell ni mtoto wa familia ya Brantwell, familia ambayo kiangazi kilichopita haikujua hata anavaa kiatu namba ngapi. Vijana wa Wexley walisimama kwenye mstari wao wakapiga makofi kama desturi inavyotaka. Marlon naye alipiga, macho yake yakiwa kwenye viatu.

Deverell akaniachia fremu, akavuka uwanja. Watu wakashangilia, wakidhani ni jambo zuri. Sikuweza kumwacha aaibike peke yake, nikamfuata.

Bi Odessa alisimama, kofia ileile kichwani. Akayapokea maua kwa mikono miwili.

"Asante, kijana," akasema. "Maua mazuri."

Tangu siku ya kwanza alikuwa akimwita "mjukuu wangu". Kisha akanigeukia, akaniuliza kama theluji imenisumbua njiani, akanitakia safari njema ya kurudi. Deverell alikuwa bado amesimama pale, kama mtu anayesubiri chenji dukani, hadi refa akapuliza filimbi.

Brantwell walishinda, na mwanangu alifunga sana. Marlon alimkaba mchezo mzima bila kumwambia neno, wakati huko nyuma wawili hao waliongea mpaka marefa wakawaonya. Mwishoni, kwenye kupeana mikono, alimgusisha vidole akaenda kwa anayefuata.

Tuliingia kwenye gari langu. Upande wa pili wa maegesho, Bi Odessa alikuwa mlangoni pa basi la Wexley anagawa kuku waliofungwa kwenye karatasi za foili. Kila kijana aliyepanda, bibi yule alimtazama kwanza, akamuuliza lile swali lake, kisha akampa.

"Hakuniuliza," Deverell akasema.

"Hakukuuliza nini?"

"Kama nimekula."

Akajifunika uso kwa taulo akalia, mtu mzima na urefu wake wote ule. Niliona aibu kwa ajili yake, nikamhurumia pia. Nikataka kumwambia twende nyumbani, leo nitakupikia mimi, chakula unachokipenda. Nikawasha gari nikiwa bado natafuta ni chakula gani hicho, na sikukijua.