Mpaka Mambo Yatulie

…na bado anatabasamu huyu Hollis, polisi wa sherifu, eti "Shangazi, nipe tu hiyo bunduki nikuwekee ofisini mpaka mambo yatulie," shangazi, ndivyo wanavyotuita wasije wakatuita mama, mzungu huyu, shangazi yake wa wapi, Arzula yuko barazani anaambua kunde, beseni mapajani, bunduki iko nyuma ya mlango, na chumbani amelala Cleophus, mwanawe, anayezunguka kuwapeleka weusi wenzake wajiandikishe kupiga kura, na Misisipi hii ukijiandikisha umejichimbia kaburi, Ee Bwana, nimpe tu aende zake, ana beji, ni serikali huyu… "Ipo au haipo? Mchungaji wako kasema mnazo." Mchungaji hawezi kusema hivyo, mwongo mkubwa huyu, lakini Arzula naye adanganye, halafu Jumapili aishike meza ya Bwana kwa mkono gani… baba hakudanganya, maskini baba, sherifu wa enzi hizo alikuja vivi hivi, mchana kweupe, na maneno haya haya, mpaka mambo yatulie, baba akamkabidhi bunduki yake, tena akaifuta kwa mafuta kwanza kwa adabu, na jioni wakaja wazungu kumchukua baba, na siku zote walikuja na magunia usoni lakini jioni ile nyuso wazi, mwenye duka, mwenye kinu cha pamba, wajifiche nini na walijua nyumba haina silaha, mama aliwataja mmoja mmoja mpaka anakata roho… "Jua kali, shangazi, usinichoshe." Karatasi ya hakimu hana, na Cleophus alishamsomea mama yake, sheria inamruhusu kuwa na bunduki nyumbani kwake, ila sheria na mzungu ni ndugu, unisamehe Bwana, namchukia, namtazama shingo yake nyekundu na moyo unanituma pabaya, uushike moyo wangu… "Ipo, bwana," akasikia sauti yake mwenyewe. "Haya, mama, ilete basi." Mama! Tangu lini? Huyu aliyezoea kuingia jikoni mwa mtu mweusi yeyote na kofia kichwani, akafunua masufuria, leo mguu uko kidato cha chini cha ngazi ya baraza, cha pili hajakikanyaga, jasho linamtoka, jicho haliuachi ule mlango, mkono ameunyoosha mtupu, anangoja… kumbe anaomba, Mungu wangu, serikali inamwomba Arzula, na akiombwa, basi anaweza kukataa.