Sauti Nene ya Bi Mkubwa

Siku hiyo mjinga alikuwa Waya. Ni vizuri lisemwe mapema, maana mwenyewe akiachiwa alisimulie ataanzia mbali, atapitia kwenye historia ya umeme, na mwisho utajikuta unampa pole. Hakuna cha pole hapo. Alikuwa mjinga asubuhi kweupe, ameshiba chai, macho yote mawili yakiwa wazi. Isipokuwa pale alipoyafumba kwa makusudi, na hapo ndipo ujinga wenyewe ulipokolea.

Jina la Waya alibandikwa na watu wa kazi yake. Alikuwa mtengeneza muziki: vijimuziki vya matangazo ya sabuni na magodoro, midundo ya waimbaji wanaoanza, nyimbo za vikundi vya dansi. Yote hayo aliyapikia kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yake, na aliyapika kwa mashine. Kulikuwa na mashine ya ngoma ambayo vitufe vyake vilikuwa vimelika kwa kugongwa mpaka maandishi hayasomeki. Kulikuwa na kisanduku cha mwangwi ambacho kila kikiwashwa kilikohoa kwanza kama mzee anayetaka kusalimiwa. Kulikuwa na vinanda vimepandana kama vitanda vya bweni. Na baina ya hivi na vile zilipita nyaya nyingi kiasi kwamba mgeni akiingia alinyanyua miguu kama mtu anayevuka tope.

Mkubwa wao wote alikuwa kinanda kizito cha rangi ya kahawia, uso wake umejaa vifundo vya kuzungusha, kila kifundo na kazi yake: hiki kinaifungua sauti, hiki kinaiziba, hiki kinaitetemesha, na kimoja ambacho hata Waya hakujua kinafanya nini ila alikizungusha kwa heshima. Alikiita Bi Mkubwa. Mke wake alilikubali jina hilo kwa sharti moja tu, kwamba asije akasikia yeye anaitwa bi mdogo.

Bi Mkubwa alikuwa na vituko vyake. Kukiwa na baridi sauti yake ilishuka kidogo, jua likiwaka ikapanda, na kile kitaa chake chekundu cha kuonyesha kwamba amewashwa kilikuwa kimekufa zamani. Waya hakukibadilisha. Alisema mtu anayehitaji taa ili ajue mashine iko hai au imezimwa, huyo hana masikio, akauze nyanya.

Usimcheke sana. Waya alimnunua Bi Mkubwa wakati bendi yake ilipovunjika, wenzake wakagawana vyombo na yeye wakamgawia lawama. Kwa vifundo vile alijifunza upya kazi, akiwa peke yake, mpaka watu wakaanza tena kumpigia simu. Kwa hiyo kumgusa Bi Mkubwa ilikuwa ni kumgusa yeye mwenyewe pabaya.

Na wakati huo palikuwa pameanza kuguswa. Mke wake alikuwa fundi cherehani, fundi hasa, na hivi karibuni alikuwa amepata kazi ya kushona mashati ya wahudumu wa hoteli. Sebule ikageuka kiwanda. Watoto walikula wamesimama, kwa sababu kila kiti kilikuwa na mikono ya mashati imekaa. Mgeni mmoja wa heshima aliketi kwenye kochi, akazungumza vizuri, akaaga, akaenda zake na kola imemganda mgongoni. Mama wa nyumba alikitaka chumba cha nyuma, chenye dirisha kubwa na mwanga wa kukatia kitambaa. Lakini hakusema toa vitu vyako. Alifanya jambo baya kuliko hilo: aliuliza swali. Na swali lenyewe hakumwuliza mumewe, alimwuliza mdogo wake.

Mdogo wake huyo, shemeji yake Waya, ndiye aliyekuwa akifanya kazi na Waya, na watu walimwita Bofya. Studio yake nzima ilikuwa kompyuta moja, aliibeba mgongoni kwenye begi pamoja na kandambili zake. Kidole chake cha kubofyea kilikuwa hakitulii. Hata akifikiri tu kilikuwa kinagonga meza. Dada yake alipomwuliza kama ni kweli makorokoro yote yale lazima yawepo, Bofya alijibu bila kutafuna maneno kwamba kila kilichomo chumba cha nyuma, mpaka kile kikohozi cha kisanduku cha mwangwi, anacho kwenye kompyuta kama programu. Bi Mkubwa anaye pia, amechorwa kwenye kioo na vifundo vyake vyote, na waliomchora walimwekea hata mikwaruzo.

Waya aliweka kikombe chini. Alisema picha ya kifundo ni kama picha ya kitanda, shemeji na aijaribu kuilalia.

Tangu hapo nyumba haikupumzika. Waya alimkumbusha Bofya siku ile kompyuta yake ilipotangaza, mbele ya mteja, kwamba inajisasisha na watu wote wasubiri. Mteja akasubiri, akasubiri, kisha akaenda kutafuta watu ambao vyombo vyao havina shughuli zao binafsi. Bofya naye akamkumbusha kwamba Bi Mkubwa hana kumbukumbu, sauti aliyoitoa Jumatatu hairudi Jumanne, ndiyo maana Waya kila jioni anavipiga picha vifundo vyake kwa simu ili kesho avirudishe palepale.

"Kwa hiyo shemeji," alimalizia Bofya, "picha ya kifundo na wewe unaitumia."

Hilo lilimchoma. Na mtu akichomwa na shemeji mbele ya mke wake, akili inatoka mlangoni kabla ya maneno. Waya akasema zipigwe sauti zote mbili, ya kompyuta na ya Bi Mkubwa, besi ileile, chumba kilekile, spika zilezile. Bofya mwenyewe atakiri kwa mdomo wake kwamba hazifanani. Na asipokiri, chumba wakichukue.

Sebuleni cherehani ilinyamaza.

"Nimesikia," alisema mke wake. Cherehani ikaendelea.

Wakafanya asubuhi iliyofuata, watoto wakiwa shuleni. Masharti yalikuwa rahisi. Bofya alitunga kipande kifupi cha besi akakiweka kwenye kompyuta. Kwanza kompyuta itakipiga kwa sauti yake yenyewe, ile ya Bi Mkubwa wa kuchorwa. Kisha Bofya atainyamazisha sauti hiyo, na kompyuta itabaki kumpelekea Bi Mkubwa noti tu kupitia waya, naye atazipiga kwa sauti yake. Waya aliomba jambo moja, aruhusiwe kumshika Bi Mkubwa wakati anaimba, kwa sababu mashine bila mkono wa mtu ni kabati. Bofya akaona haina tabu.

Kompyuta ikaanza. Waya alisikiliza amekunja mikono, uso kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari nyumbani kwa watu.

"Safi," alisema. "Safi kama sakafu ya hospitali. Sasa nani anataka kwenda kucheza dansi hospitalini?"

Ilikuwa hapo mke wake alipotokea mlangoni, pasi mkononi. Mashati yalikuwa yanakuja kuchukuliwa, yalibaki kupigwa pasi, na soketi ya sebuleni ilikuwa na cherehani. Soketi ya chumba cha nyuma nayo iliungua zamani, kwa kazi ya mikono ya Waya, ndiyo maana umeme wote wa mle ndani ulitoka kwenye ekstensheni moja iliyolala pale mlangoni, imejaa plagi pomoni. Akauliza achomoe ipi.

Waya hakugeuka. Alikuwa amenyoosha kidole juu, anamweleza shemeji yake jinsi sikio la binadamu linavyotofautiana na la kuku.

"Chomoa yoyote, mama watoto. Tuko kwenye jambo zito."

Mama watoto akachuchumaa, akazitazama zile plagi, akachagua lile pande kubwa lililokuwa linaziba nafasi za wenzake, kama ambavyo mtu yeyote mwenye busara angechagua. Akalichomoa, akachomeka pasi yake, akatandika shati la kwanza palepale kwenye meza ndogo ya kizingitini.

"Haya," alisema Bofya, na kidole chake kikagonga kitufe cha kunyamazisha, chapuchapu kama kawaida yake. "Zamu ya bibi yako."

Besi ikaanza upya. Waya alifumba macho. Akakitafuta kifundo kile kikubwa kwa vidole, kama mtu anayetafuta swichi ya nyumbani kwake gizani, akaanza kukizungusha taratibu.

"Hapo," alinong'ona. "Unaisikia inavyofunguka? Ngoja, naiziba kidogo. Umeona? Sasa naiachia."

Alikuwa anatabasamu peke yake. Alisema hiyo ni shaba inayoongea. Alisema humo ndani kuna moto, umeme unapita kwenye vitu vyenye uzito, si kwenye michoro. Hata harufu yake, alisema, shemeji na avute pumzi, asikie harufu ya mashine iliyopata joto.

Bofya akavuta pumzi. Ni kweli, palikuwa na harufu ya joto.

Bofya alikuwa na ulimi wa wembe lakini hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililomponza. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, paji la uso likakunjamana. Alisikiliza tena. Ilionekana wazi kwamba kuna jambo linapanda kooni na yeye analirudisha, nalo linapanda.

"Basi sawa," alisema mwishoni, kwa sauti ya mtu anayevuliwa viatu. "Ina unene. Ile ya kwanza haikuwa na unene huu."

Waya alifumbua macho, na machozi yalikuwa karibu. Hakuringa hata kidogo, furaha ilimzidi. Alimkaribisha shemeji yake asogee, akamshika mkono, akauweka juu ya kifundo. Bofya akazungusha kidogo kulia. Akazungusha kushoto. Macho yakamtoka.

"Alaa," alisema. "Hata mkononi unaisikia."

Wakawa wanapokezana. Huyu anafungua, yule anaziba, wanaangaliana, wanatikisa vichwa. Ugomvi wote uliowafanya wasiangaliane mezani ukayeyuka pale pale. Bofya alikuwa ameanza hata kusema kwamba labda yeye naye atafute mashine moja, ndogo tu, ya kuanzia, na Waya anamwambia usijali, nitakuchagulia mwenyewe. Chumba kilikuwa kimepona. Waya alishalitazama dirisha lake kwa jicho la mwenye mali.

Mke wake alikunja shati la mwisho, akaliweka juu ya wenzake. Alikuwa amewatazama kwa muda, pasi mkononi.

"Nimemaliza," alisema. "Nimrudishie Bi Mkubwa plagi yake, au anaendelea tu hivyo hivyo?"

Mkono wa Waya uliganda kwenye kifundo. Aliutazama waya mweusi uliotoka mgongoni mwa Bi Mkubwa. Akaufuata kwa macho, ukapita chini ya mashine ya ngoma, ukazunguka mguu wa meza, ukaenda mpaka mlangoni. Mwisho wake plagi ilikuwa imelala chali sakafuni, pini zake zinaangalia dari.

Bofya yeye aliangalia kompyuta. Kidole chake chepesi kilikuwa kimegonga mara ya pili bila kuagizwa: mara ya kwanza kiliinyamazisha sauti, ya pili kikairudisha. Kompyuta ilikuwa imeimba peke yake tangu mwanzo, zamu zote mbili, na hata sasa ilikuwa inaendelea, kwa besi ileile waliyokuwa wanaililia.

Aliyezinduka kwanza alikuwa Bofya. Alisema basi kesi imekwisha: moto, shaba na unene vyote vimetoka kwenye kompyuta, na aliyeshuhudia hivyo ni shemeji mwenyewe, kwa macho yaliyolowa. Harufu, akaongeza, ni ya shati.

Waya alikuwa amekwisha, lakini alikuwa mtu aliyewahi kugawiwa lawama badala ya gitaa, na watu wa namna hiyo hawaangukii pale wanaposukumwa. Alisema kesi haijaisha hata kidogo. Masharti yalikuwa Bofya akiri kuna tofauti, naye amekiri, tena mbele ya shahidi. Bofya akauliza tofauti kati ya nini na nini, ya kompyuta na kompyuta? Waya akasema tofauti ni mkono. Mara ya kwanza hakuna aliyemshika Bi Mkubwa, na sauti ilikuwa nyembamba. Mara ya pili ameshikwa, na sauti ikanenepa, wote wawili wakaisikia. Umeme ulikuwepo au haukuwepo, hilo ni la mafundi wa umeme. Yeye ni mwanamuziki, anakwenda na sikio.

Bofya alitaka kumbishia. Shida yake ni kwamba unene ule aliusikia kweli, na mkono wake mwenyewe ulikuwa unakitafuta tena kile kifundo.

Waya akaona ameshinda. Akamgeukia mke wake, kifua mbele, akamwambia ameona mwenyewe: hata akiwa amechomolewa, Bi Mkubwa akiwepo tu muziki unapendeza. Sasa mtu kama huyo unamtoaje kazini?

"Sitamtoa kazini," alisema mke wake, akilikumbatia rundo la mashati. "Kama anaimba vizuri hivyo bila umeme, basi ataimba vizuri hivyo hivyo akiwa uvunguni mwa kitanda."